Mteja, Kete na Mali Kauli: Genge la Unga kama Biashara katika Fasihi na katika Maisha ya Mombasa

Utangulizi

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, kuanzia vichochoro vya Kibokoni hadi Makadara, neno teja halihitaji maelezo. Ni mtu aliyetekwa na heroini, anayesinzia huku amesimama, ambaye mama mwenye nyumba akimwona anapita hukumbuka kuiondoa sufuria iliyoachwa kibarazani. Mwanafunzi wa mofolojia atatambua mara moja kilichotendeka katika neno hili. Mteja, nomino ya ngeli ya A-WA yenye maana ya mtu anunuaye bidhaa, amevuliwa kiambishi kinachomtambulisha kuwa mtu, akavikwa umbo la LI-YA, na wingi wake ukawa mateja. Upatanisho wa kisarufi haukumfuata huko kote, kwa maana watu bado husema teja amelala wala si teja limelala. Sarufi imemhurumia kidogo kuliko msamiati. Njia iyo hiyo ya uundaji ndiyo iliyoleta zungu la unga, jina ambalo magazeti ya Tanzania yamezoea kumpa mwenye mali. Aliye juu na aliye chini wameundwa kwa kanuni moja ya kudondosha m-. Kwa wa kwanza udondoshaji huo ni ukubwa, kwa wa pili ni dharau.

Lugha ya mtaani, basi, iliutambua uuzaji wa heroini kuwa biashara kamili, yenye bidhaa, kipimo, tajiri na mteja, kabla ya wahakiki wa fasihi kuanza kuuliza swali hilo. Makala haya yanashikilia kwamba fasihi ya Kiswahili imewaona vyema watu wawili katika biashara hiyo, yaani bwana mkubwa na kijana anayebebeshwa mzigo, ila haijalifungua daftari lililo baina yao: deni, dhamana, mgawanyo wa faida na rejareja. Kasoro hii si ya kiufundi tu. Hadithi isiyo na daftari humwachia msomaji imani kwamba uovu una mwenyewe mmoja, na kwamba siku atakapokamatwa mtaa utapona. Mombasa imekwisha kuijaribu imani hiyo zaidi ya mara moja.

Bwana mkubwa na mbeba mzigo

Kazi mbili zilizosomwa sana katika shule za upili za Kenya zinatosha kuonyesha hali ilivyo. Ya kwanza ni hadithi fupi ya Ali Abdulla Ali, "Mkubwa", iliyomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Mhusika wake Mkumbukwa hautaki uongozi kwa ajili ya uongozi wenyewe. Anawahonga wapiga kura kama mfanyabiashara anayewekeza mtaji, kwa kuwa cheo ni kinga ya biashara ya unga. Hapa mwandishi ameona jambo ambalo watafiti wa uhalifu walichukua miaka mingi kulieleza kwa takwimu: kwamba katika biashara haramu bidhaa ghali kuliko zote si unga, ni ulinzi. Ufupi wa hadithi, hata hivyo, unamlazimisha aruke kutoka kwa mheshimiwa hadi kwa vijana walioharibika, na katikati pakabaki patupu.

Ya pili ni riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri. Dick, mtoto anayeibwa na Sauna, mtumishi wa nyumbani, anaishia mikononi mwa tajiri anayemlazimisha kusafirisha dawa za kulevya, mpaka baadaye anapojinasua na kuanza biashara yake halali. Mtoto mwenyewe ni bidhaa kwanza, halafu ndipo anakuwa mchukuzi wa bidhaa, na katika mfuatano huo riwaya inapata nguvu kubwa. Lakini tajiri wa Dick hana jirani, hana mdeni, hana mshindani wala mhasibu. Ni nguvu ya giza. Hatujui anamlipa nani, wala analipwa lini.

Sababu ya pengo hili si uvivu wa waandishi. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, hasa tangu Elvis Musiba alipomleta Willy Gamba katika miaka ya 1970, imemzoeza msomaji kutarajia makao makuu ya adui, mlango wa siri, na shujaa anayeulipua. Mwandishi wa riwaya ya kimaadili naye huazima ramani hiyo hata pale asipoazima bastola. Matokeo ni kwamba genge huchorwa kama jeshi, lenye amri na utii. Genge la unga la Mombasa, kwa kadiri linavyojulikana kupitia mahakama na tafiti, linafanana zaidi na duka la jumla lenye matawi, na pengine hata neno genge lenyewe linapotosha.

Jahazi, sampuli na kampuni ya familia

Mwaka 2014 ni mwaka wa kusomwa kwa makini. Mwezi wa Aprili manowari ya Australia, HMAS Darwin, ililisimamisha jahazi nje ya pwani ya Kenya na kukuta kilo 1,032 za heroini. Mwezi wa Julai meli iitwayo Al Noor, iliyowahi kuitwa Amin Darya, ilizuiliwa Mombasa ikiwa na zaidi ya kilo 370. Mwishoni mwa Agosti meli hiyo ililipuliwa baharini pamoja na shehena yake, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Tukio hilo lilikuwa na umbo kamili la sura ya mwisho ya riwaya ya upelelezi: moshi, bahari, na kiongozi wa nchi anatazama. Waliokuwa wakisubiri mzigo huo nchi kavu hawakuonekana katika picha.

Miezi michache baadaye, mwezi wa Novemba, wana wawili wa marehemu Ibrahim Akasha, yaani Baktash na Ibrahim, walikamatwa Mombasa pamoja na washirika wao. Baba yao alikuwa ameuawa kwa risasi mjini Amsterdam mwezi wa Mei 2000. Mwaka 2017 ndugu hao walipelekwa Marekani, wakakiri makosa katika mahakama ya New York mwaka 2018, na wakahukumiwa vifungo vya miaka 25 kwa Baktash mwaka 2019 na miaka 23 kwa Ibrahim mwaka 2020.

Kwa mtu wa fasihi, thamani ya kesi hii haimo katika ukubwa wa adhabu. Imo katika utaratibu uliofichuliwa. Waliojidai kuwa wanunuzi, ambao kwa kweli walikuwa mtego wa maafisa wa Marekani, walipewa kwanza sampuli ya kilo moja, kisha kilo 98 zikafuata. Ndivyo afanyavyo muuza karafuu anapotafuta mnunuzi mpya. Upande wa mashtaka ulieleza pia mgawanyo wa kazi: familia yenye jina na mahusiano ya nyumbani, raia wa India aliyesimamia shughuli, na raia wa Pakistani mwenye mtandao wa usafirishaji. Palikuwa na mpango wa kupanua bidhaa, yaani kupata kemikali kutoka India ili kutengeneza methamfetamini huko Msumbiji, jambo ambalo wafanyabiashara halali wangeliita kuongeza thamani. Ndugu hao walikubali vilevile kosa la kuwahonga maafisa nchini Kenya ili kuikwamisha kesi. Katika daftari lao hongo haikuwa dhambi wala ajali. Ilikuwa gharama ya kawaida kama kodi ya bohari.

Riwaya na filamu za Marekani zimeliona jambo hili mapema. Mario Puzo katika The Godfather, iliyotoka mwaka 1969, aliifanya familia kuwa kampuni. Tamthilia ya televisheni ya The Wire, iliyoonyeshwa kuanzia 2002 hadi 2008, ilimpeleka muuza heroini wa Baltimore darasani kusoma uchumi na ikamwonyesha akiendesha mikutano ya vijana wake kwa kanuni za vikao. Mhusika huyo, Stringer Bell, anaaminika kwa sababu watazamaji wanaona akishindana na tatizo la kila muuzaji: bidhaa yake ni hafifu na mteja ameanza kulalamika. Hakuna mzimu hapo, kuna hesabu.

Mali kauli na rehani

Fumbo kuu la biashara hii ni deni. Mtu aliye Makran, katika pwani ya Irani na Pakistani, anawezaje kumkabidhi mtu wa Mombasa au Dar es Salaam mali ya mamilioni ilhali hakuna mkataba unaoweza kupelekwa mahakamani? Jibu analo kila mwenye duka katika pwani yetu, nalo linaitwa mali kauli. Unapewa mzigo kwa neno lako, unauza, ndipo unalipa. Vitenge huuzwa hivyo, na vyombo vya plastiki, na vitunguu.

Utaratibu huo ni wa kale. Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, anasimulia bila haya wala mapambo alivyochukua mali kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, akaenda bara kutafuta pembe, akarudi kulipa. Ni masimulizi ya majina, kiasi na madeni, na humo mna watumwa na vita vilevile. Inafaa kulitaja jambo hili kwa sauti kubwa kidogo, kwa sababu wahakiki wengi huisoma kazi hiyo kama historia tu na kuipita kama nathari. Mojawapo ya nathari ndefu za awali za Kiswahili iliandikwa na mfanyabiashara aliyejua kuhesabu. Riwaya ya unga haina budi kumtazama mjukuu wake huyu wa mbali pale inapolalamika kwamba haina kielelezo cha nyumbani.

Mali kauli katika biashara halali huegemea wazee, kadhi, mahakama, na juu ya yote jina la ukoo. Katika biashara ya unga nguzo hizo zimeondolewa zote isipokuwa ya mwisho, na ndiyo sababu ukoo unakuwa na uzito mkubwa kiasi hiki. Mwana hakimbii na fedha za baba, au angalau hukimbia mara chache. Pale ambapo undugu haupo, panahitajika dhamana nyingine. Magazeti ya Tanzania yameripoti mara nyingi habari za vijana waliopelekwa Pakistani na kuachwa huko kama bondi, yaani rehani, mpaka mzigo uliochukuliwa kwa mali kauli ulipiwe. Baadhi yao hudanganywa kwamba wanakwenda kufanya kazi. Mali ikikamatwa njiani, au mdeni akiamua kukaa kimya, rehani haina wa kuikomboa.

Neno rehani lina kumbukumbu nzito katika pwani hii. Katika karne ya 19, miaka ya njaa, jamii za Mijikenda nyuma ya Mombasa ziliwahi kuweka watoto na jamaa zao rehani kwa watu wa mjini ili zipate nafaka, na wengine hawakukombolewa kamwe. Mwandishi anayetafuta kiini cha msiba katika biashara ya unga hana haja ya kubuni jumba la kifahari lenye mbwa wakali. Chumba kimoja Karachi, kijana asiyejua lugha ya wenyeji, na simu ambayo mjomba wake wa Mombasa haipokei, vinatosha.

Peter Reuter, katika kitabu chake Disorganized Crime cha mwaka 1983, alichunguza kamari na mikopo haramu ya New York na kuhitimisha kwamba biashara haramu kwa kawaida haziwi makampuni makubwa, kwa kuwa haziwezi kuweka kumbukumbu wazi, kukopa benki wala kushtaki mdeni. Hutapakaa zikawa vikundi vidogo vidogo. Hoja yake inaonekana kupingana na ile ya kampuni ya familia iliyotajwa hapo juu, lakini kwa Mombasa zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja. Juu kuna familia chache zenye majina. Chini yake kuna maduka mengi yasiyojuana.

Kete

Kete kwa asili ni gamba la kombe dogo la baharini linalotumika katika mchezo wa bao. Makombe ya jamii hiyo yalikuwa bidhaa: katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg waliyanunua katika pwani ya Afrika Mashariki na kuyapeleka Afrika Magharibi, ambako yalitumika kama fedha. Leo kete ni kifurushi kidogo cha karatasi au plastiki chenye heroini. Kipimo cha mchezo kimekuwa kipimo cha sumu.

Uvumbuzi wa kete ndio uvumbuzi mkubwa wa kibiashara katika habari yote hii, ingawa hakuna riwaya iliyoufanya kuwa tukio. Ni uchumi wa kadogo. Muuza duka wa Majengo au Bondeni anajua kwamba mnunuzi wake hana fedha za lita moja ya mafuta ya kupikia, hivyo humpimia ya shilingi chache. Sukari hufungwa katika vijikaratasi, na sabuni hukatwa vipande. Heroini ilipofungwa kwa kipimo cha kibarua cha siku moja, iliacha kuwa starehe ya watalii na watoto wa matajiri, ikawafikia wapakia mizigo, wavuvi na makuli. Soko halikupanuliwa kwa bunduki.

Anayesambaza kete mara nyingi ni mtumiaji mwenyewe. Ujira wake ni unga. Anauza kadhaa, anabaki na moja, na anasimama maskani kutwa nzima mahali ambapo polisi watamkuta yeye kwanza. Sudhir Venkatesh na Steven Levitt walipochambua hesabu za genge moja la Chicago, katika makala yaliyochapishwa mwaka 2000, walikuta kwamba kiongozi alipata fedha nzuri huku vijana wa kona za barabara wakipata chini ya kima cha chini cha mshahara, na wengi wakiishi kwa mama zao. Kwa Mji wa Kale hali ni ngumu zaidi: kijana wa Chicago alitarajia siku moja apande cheo, ilhali muuza kete aliye teja hana cheo cha kupanda. Mwajiri wake amemfanya kuwa mfanyakazi, mteja na ngao kwa mshahara mmoja.

Bidhaa ikibadilika, mwili wa mteja hubadilika nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 heroini ya rangi ya kahawia iliyoitwa brown shuga, iliyovutwa kwa moshi, ilianza kuondoka sokoni katika pwani ya Kenya, na mahali pake pakaja unga mweupe. Susan Beckerleg na wenzake walieleza jinsi mabadiliko hayo yalivyoambatana na kuenea kwa sindano, na sindano zikafuatwa na virusi vya ukimwi. Hakuna aliyefanya mkutano Mombasa kuamua hilo. Msambazaji wa mbali alibadilisha mzigo tu, kama kiwanda kinavyobadilisha aina ya sabuni.

Kisha kuna uhaba wa kati ya Desemba 2010 na Machi 2011. Baada ya msako dhidi ya wauzaji, heroini ilitoweka karibu kabisa katika pwani. Kwa mantiki ya riwaya zetu huu ungekuwa mwisho mwema. Kilichotokea ni kwamba mamia ya watu walianguka katika arosto, yaani maumivu ya kukosa, kwa wakati mmoja, katika mji ambao haukuwa umejiandaa kuwatibu. Watu walimeza vidonge na kuchanganya chochote kilichopatikana. Mali iliporudi, ilikuta wateja wakiisubiri. Ugavi ulikatwa, uhitaji ukabaki umekaa kibarazani.

Kiambishi kilichorudi

Ukitoka katika tafiti na kesi hizi ukarudi kwenye fasihi, pengo linaonekana wazi zaidi. Mwandishi wa Mombasa anazo tayari nyenzo za riwaya ya biashara: baraza ambamo kila mtu anajua nani amejenga ghorofa kwa fedha gani na hakuna anayesema, mama ambaye anakubali mchango wa harusi kutoka kwa mtu anayemshuku, mjomba mwenye duka la simu asiyejua, au asiyetaka kujua, kwa nini duka linalipiwa kodi ya mwaka mzima. Heshima, ambayo wanajamii huizungumza kama jambo la maadili, hapa ni mtaji. Inakopesheka. Familia inayomficha teja wake chumba cha ndani ili jina lisiharibike inalinda dhamana ileile ambayo tajiri wa unga anaitumia kupata mali kauli.

Muundo wa usimulizi nao ungelazimika kubadilika. Kisa cha mtu mmoja anayepanda na kuanguka hakifai kwa mnyororo ambao kila pete inajua jirani yake tu. Pengine unafaa usimulizi unaoifuata kete yenyewe, kutoka kwa nahodha hadi kwa mpakia mizigo, kila sura na msemaji wake. Pengine ni barua za madai. Mwandishi atakayejaribu atakuta kwamba lugha imekwisha kumfanyia nusu ya kazi.

Kuna ushahidi mmoja wa kilugha ambao mwandishi huyo hapaswi kuupita. Serikali ya Kenya ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini mwishoni mwa mwaka 2014, na mwaka 2015 huduma hiyo ikafika Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali. Aliyejiandikisha hufika kila siku, hutaja namba yake dirishani, hupewa kikombe, hunywa mbele ya mhudumu. Katika lugha ya wahudumu wa afya yeye ni mteja: ngeli ya A-WA, kiambishi mahali pake. Kisha hupanda matatu kurudi kisiwani, na kabla hajafika Makadara kondakta amekwisha kumwita teja.